Swali la mama yangu na sanamu za kando ya barabara ya Kibeho

MAMA yangu alifariki dunia mwaka 1993 katika kijiji kimoja wilayani Ngara, Tanzania, akiwa na swali moja ambalo hakuna aliyewahi kumjibu. Swali lenyewe lilikuwa dogo. Huyo Bikira Maria anayesemekana kuwatokea wasichana wa shule kule Kibeho, je, ni mweupe kama yule wa kwenye picha za kanisani, au ni mweusi kama sisi?

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kibeho haikuwa kwake jina la redioni tu. Alizaliwa kwenye kilima kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapo, katika Nyaruguru ya leo. Alikimbia akiwa msichana mdogo, mauaji yalipowakumba Watutsi wa Gikongoro mwishoni mwa mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964. Alivuka Akanyaru kuingia Burundi, na kutoka Burundi akafika Ngara, akaolewa huko, akatuzaa huko.

Miaka kumi na minane baadaye, jina la kwao likaanza kusikika kwenye Radio Rwanda. Sisi watoto tulikua tukizisikia habari hizo, kwa sababu redio ya mkulima jirani ilikuwa inashika vizuri jioni. Mama alikuwa akisogea karibu na kusema: "Kama amefika kwetu, basi na sisi tutafika."

Mimi nilirudi mwaka 1998, baada ya kumaliza kidato cha nne. Yeye hakurudi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha hapa Kigali, nimewapeleka wanafunzi Huye, Nyanza na Musanze, lakini Kibeho sikuwahi kukanyaga. Nilikuwa na visingizio vingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kukiona kilima ambacho mama alikikimbia.

Jumamosi moja ya likizo nikaamua. Nilifika Nyabugogo saa 12 asubuhi, nikakata tiketi ya Huye.

Abiria wenzangu

Kutoka Huye hadi Kibeho ni kama kilomita 30. Wale waliokwenda huko miaka ya nyuma watakusimulia habari za vumbi wakati wa kiangazi, na magari kukwama wakati wa masika. Siku hizi ni lami, na basi dogo linateleza juu ya vilima vya chai kama mtu aliyekunywa maziwa.

Tulipokuwa tukisubiri basi lijae, alipanda mama mmoja mwenye mifuko mitatu mikubwa na kuketi kando yangu. Alikuwa ametoka Kamembe, akapita msitu wa Nyungwe usiku. Aliponisikia nikizungumza Kiswahili na kondakta, alicheka.

"Wewe ni TZ," alisema.

"Na wewe ni Dubai," nikamjibu.

Msomaji uliyerudi miaka ile utakumbuka majina hayo. Waliotoka Uganda waliitwa wasajja, waliotoka Zaire wakaitwa wadubai, na sisi wa Tanzania tukabaki na herufi mbili tu, TZ. Tulikuwa tumerudi nyumbani, lakini kila mtu alikuwa na kibandiko mgongoni. Mama huyu alizaliwa Bukavu. Leo anafanya biashara ya kuvuka Rusizi: anapeleka vitu vya ibada upande wa Kongo na kurudi na vitenge. Mifuko yake ilikuwa mitupu kwa sababu alikuwa anakwenda kununua.

"Rozari ni nyepesi, haiozi, na hakuna mwezi ambao watu hawasali," aliniambia. "Sanamu zina faida zaidi, mwalimu, lakini zinavunjika. Na zina tatizo la rangi."

Nilishtuka. Nikamwuliza ni tatizo gani hilo.

"Utaliona mwenyewe," akasema, akafumba macho kulala.

Kilichotokea mwaka 1981

Kwa wale ambao hawaifahamu habari hii, nitaieleza kwa kifupi kama inavyofahamika katika kumbukumbu za Kanisa.

Tarehe 28 Novemba 1981, siku ya Jumamosi, saa 6 na dakika 35 mchana, msichana wa miaka 16 aitwaye Alphonsine Mumureke alikuwa akiwahudumia wenzake chakula katika bwalo la kolegi ya Kibeho. Akasikia sauti ikimwita. Alitoka kwenye ukumbi na kumwona mwanamke, naye alipouliza ni nani, akajibiwa kwa Kinyarwanda kwamba yeye ni Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno.

Wanafunzi wengi na baadhi ya walimu hawakumwamini. Walimcheka. Januari 1982 akafuata Nathalie Mukamazimpaka, na Machi mwaka huo Marie Claire Mukangango, ambaye hapo awali ndiye aliyekuwa kinara wa dhihaka. Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare hakukimbilia kusema ndiyo wala hapana. Aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia mwaka 1982, akawaacha wafanye kazi. Matokeo hayo, ambayo kwa Alphonsine yaliendelea hadi Novemba 28, 1989, yalikubaliwa rasmi Juni 29, 2001 na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro. Ni ya kwanza kukubaliwa na Kanisa Katoliki barani Afrika.

Katika maelezo ya Alphonsine mna jambo ambalo laiti mama yangu angelisikia. Alisema mwanamke huyo alivaa nguo nyeupe isiyo na mshono na kitambaa cheupe kichwani, mikono ameikutanisha kifuani na vidole vikielekea juu. Na kuhusu ngozi, alieleza kwamba hakuwa mweupe kama anavyoonyeshwa katika picha takatifu, lakini yeye Alphonsine hakuweza kutaja rangi yake. Alichoweza kusema ni kwamba alikuwa na uzuri usio na mfano.

Fikiria, msomaji. Hii ni nchi ambayo Wabelgiji, katika miaka ya 1930, waliwaandika watu wake kabila kwenye vitambulisho, na vitambulisho hivyo vikabaki na neno hilo hadi 1994, vikawa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Katika nchi hiyo hiyo, msichana wa shule anaulizwa swali jepesi kuliko yote, la rangi ya ngozi, na anasema hawezi kulijibu.

Meza za kando ya barabara

Tulishuka Kibeho karibu saa 6 mchana. Baridi ya milimani inakupokea kabla ya mtu yeyote. Haikuwa siku ya sikukuu. Wenyeji waliniambia kwamba ukija Agosti 15 au Novemba 28, huoni ardhi, unaona vichwa vya watu tu: Warundi, Wakongo, Waganda, Watanzania, na wazungu waliotoka mbali. Siku hiyo tulikuwa mahujaji wachache, na wachuuzi walikuwa na nafasi ya kuzungumza.

Kando ya barabara kulikuwa na meza za mbao zimepangwa, na juu yake sanamu. Hapo ndipo nilipolielewa neno la yule mama wa Kamembe. Mahali pengine popote nilikopita, sanamu za Bikira Maria kwenye meza ya mchuuzi zinafanana kama chupa za soda. Hapa zilikuwa zimesimama safu moja, nguo zile zile, mikono ile ile, lakini nyuso mbalimbali. Moja nyeupe yenye mashavu ya waridi. Moja ya rangi ya kahawia isiyokolea. Nyingine kahawia iliyokolea. Nyingine nyeusi inayong'aa kama imepakwa mafuta. Ilikuwa ni kama darasa langu siku ya kupiga picha.

Nilimwuliza kijana aliyekuwa akiuza kwa nini anazo za namna zote hizo.

"Mzee, mimi ninauza, sichagui," alinijibu. "Wazee wanataka nyeupe, ndiyo waliyoizoea tangu ubatizo. Vijana wanataka ya kahawia. Wazungu wanataka nyeusi kabisa, ukimpa nyeupe anaona umemdanganya. Kila mmoja ananiambia yake ndiyo ya kweli."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona iliyouzwa ndiyo ya kweli."

Mama wa Kamembe alikuwa tayari anahesabu. Alichukua rozari nyingi za Mateso Saba, ile ibada ya zamani ambayo Marie Claire aliagizwa kuifufua, na sanamu kumi ndogo. Aliniambia kwamba kila safari lazima akisie wateja wa Bukavu watapenda rangi gani, na kila safari anakosea. Mara moja alibeba nyeusi nyingi zikamdodea kwa miezi minne. "Na rangi ndiyo inayobanduka njiani," aliongeza. "Anafika Bukavu pua nyeupe na mdomo mweusi. Nani atanunua hivyo?"

Niliwaacha wakivutana juu ya bei, nikaenda kusali.

Mahali penye maumivu

Lililokuwa bweni la wasichana sasa ni kanisa dogo la matokeo. Nje yake kuna uwanja mpana ambako mahujaji hukusanyika, na hatua chache kutoka hapo kuna kanisa kubwa la hija la Bikira Maria wa Mateso, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Novemba 28, 1992 na likabarikiwa mwaka 2003. Mbali kidogo, nje mahali pa wazi, imesimama sanamu kubwa ya Yesu wa Huruma. Ni ile sura iliyoanzia Poland, pale Sista Faustina Kowalska aliposema mwaka 1931 kwamba ameagizwa picha hiyo ichorwe: mkono mmoja umeinuliwa kubariki, mwingine umegusa kifua. Nayo pia ilianza na mtu aliyeona na fundi aliyelazimika kukisia.

Lakini Kibeho si mahali pa sanamu tu. Katika kanisa la parokia, Aprili 1994, maelfu ya Watutsi waliokimbilia humo wakidhani nyumba ya Mungu itawaokoa waliuawa. Sehemu ya kanisa hilo leo ni mahali pa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1995, watu wengi waliuawa tena hapa wakati kambi kubwa ya wakimbizi wa ndani ilipokuwa ikifungwa na jeshi. Mtu anayefika Kibeho kununua rozari na kuondoka bila kuyajua hayo, amefika nusu tu.

Agosti 1982 wale wasichana walisimulia kwamba wameonyeshwa mambo ya kutisha: mto wa damu, watu wakiuana, miili isiyo na wa kuizika. Siku hiyo walilia mbele ya umati. Mimi si padre, na sitamlazimisha msomaji kuamini jambo lolote juu ya maono hayo. Nitasema tu nililoliona kwa macho yangu.

Mama alipokuwa hai alikuwa na desturi. Kila tulipokwenda kwa ndugu zetu karibu na Rusumo, alishuka kuutazama mto Kagera na kutuambia: "Maji haya yametoka kwetu." Hakukosea. Akanyaru hupokea maji ya vilima vya Nyaruguru, huungana na Nyabarongo, na huo ndio mto unaokuja kuanguka Rusumo. Kwake yeye ule mto ulikuwa barua kutoka nyumbani.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 14. Nilisimama mahali pale pale alipokuwa akisimama, na nikaona kile ambacho barua ile ilikuwa imebeba. Miili ilikuwa ikipita hadi Ziwa Victoria. Ilikuwa imepita miezi michache tu tangu tumzike. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuona, na tangu siku hiyo sikutaka tena kusikia jina la Kibeho.

Ndani ya lile kanisa dogo nilipiga magoti, na maneno yote niliyokuwa nimeyaandaa tangu Kigali yakanitoka. Kando yangu bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa akimwambia Bikira Maria habari za mbuzi wake aliyeibwa, kwa sauti, bila aibu, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Nikamsikiliza yeye. Ilinitosha.

Kilima chenye chai

Mchana ule nilikodi pikipiki, nikamtajia dereva jina la kilima cha mama. Tulikwenda dakika ishirini na kitu. Saa mbili za miguu za mama yangu zimekuwa dakika ishirini.

Hakuna nyumba. Hakuna hata msingi. Ni chai tupu, kijani hadi chini bondeni. Mama mmoja mchumaji alikuwa akishuka na kikapu mgongoni, akasimama, akaniuliza kwa Kinyarwanda kama nimepotea. Nikamwambia hapana, mama yangu alizaliwa hapa.

Alikaa kimya kidogo. Nikaona hofu ikimpita usoni, nami nikaielewa. Sisi tuliorudi tunajua mkataba wa Arusha wa 1993 ulivyosema: aliyekimbia zaidi ya miaka kumi asidai ardhi yake iliyokwisha kukaliwa na wengine. Lakini mkulima anapomwona mgeni aliyevaa viatu vya mjini akitazama shamba, hakumbuki mkataba, anakumbuka watoto wake.

"Sikuja kudai," nilimwambia. "Nimekuja kutazama."

Akatua kikapu, akakata tawi moja dogo la chai, akanipa kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu mwenye heshima. "Basi mpelekee," alisema. Sikumwambia kwamba amekwisha kufa. Nilipokea kwa mikono miwili.

Ile isiyo na rangi

Niliporudi barabarani jua lilikuwa limeinama na wachuuzi walikuwa wakifunga. Nilikuwa nimekwishaamua kumnunulia mama sanamu, lakini mbele ya ile safu nilishindwa kama nilivyoshindwa kanisani. Nikichukua nyeupe, nitakuwa nimemjibu kwa uongo. Nikichukua nyeusi, nitakuwa nimemjibu kwa kile alichotamani, si kwa kile kilichosemwa.

Ndipo nilipoona chini ya meza moja kubwa kidogo, ya saruji, kijivu, bado haijapakwa kitu.

"Hiyo haijaisha, mzee," kijana alisema. "Njoo wiki ijayo nitakuwa nimeipaka."

Nikamwambia naitaka hivyo hivyo. Alinitazama kama mtu anayeshuku hesabu yake, kisha akanipunguzia faranga elfu mbili kwa sababu ya rangi aliyookoa. Mama wa Kamembe alicheka sana. Lakini kabla hatujaachana Huye alinivuta pembeni na kusema: "Mwalimu, hilo ulilofanya si jambo baya. Isiyo na rangi haibanduki."

Wiki mbili baadaye nilivuka Rusumo nikiwa nimeipakata. Wafanyabiashara wa mpaka huo wanajua jinsi kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2016 kilivyorahisisha mambo. Unapita dirisha la nchi mbili katika jengo moja. Afisa aliniuliza kama ni bidhaa au zawadi. Nikajibu ni ya kaburi. Akagonga kwenye karatasi, hakuuliza tena.

Kaburi la mama liko nyuma ya migomba ya mzee mmoja Mhangaza, mwana wa yule aliyewapa wazee wetu sehemu ya kujenga walipofika bila kitu. Tulichimba pamoja, tukaisimamisha, tukaikandika saruji miguuni. Lile tawi la chai lilikuwa limekauka, nikaliweka hapo hapo chini. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono kiunoni, akaitazama ile sanamu ya kijivu kwa muda mrefu, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "huyu mbona ni Mhangaza kabisa? Tazama hiyo pua."

Nilicheka hadi machozi. Sikubishana naye. Nadhani mama naye asingebishana.

(Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa shule ya sekondari jijini Kigali.)